Kutazama mpira kwa faida: mwongozo kamili wa kuwanoa vijana wa soka Mombasa

Mombasa haina upungufu wa mechi za kutazama. Kijana wa Kisauni, Likoni au Changamwe anayeupenda mpira huweza kuona Ligi Kuu ya Uingereza Jumamosi na Jumapili, Ligi ya Mabingwa wa Ulaya katikati ya wiki, na vipande vya mabao kwenye simu siku nzima. Hata hivyo, akirudi uwanjani Jumatatu, mara nyingi alichokuja nacho ni namna mpya ya kushangilia bao na mtindo wa nywele. Sababu si uvivu. Macho yake yaliufuata mpira kwa dakika 90, na anayeufuata mpira huona matokeo tu, ilhali uamuzi uliozaa matokeo hayo ulifanywa sekunde mbili au tatu kabla, aghalabu na mchezaji ambaye hakuwa na mpira.

Mwongozo huu umeandikiwa kocha wa mtaani, mzazi au kaka mkubwa mwenye wachezaji wa kati ya miaka 10 na 16, wavulana kwa wasichana, asiye na zaidi ya uwanja wa vumbi, mipira michache na mahali pa kutazama televisheni. Njia yenyewe ni moja: swali lilelile ambalo kijana analifanyia mazoezi wiki hii ndilo analokwenda nalo mbele ya televisheni, na alichokiona kinarudishwa uwanjani kabla hakijapoa.

Hatua ya kwanza: chagua swali moja

Kabla ya kupanga zoezi lolote, keti uwatazame vijana wako wakicheza mechi ya kawaida bila kuwaelekeza. Usijaribu kuyaorodhesha makosa yote, kwa kuwa yatakushinda. Tafuta lile moja linalozaa mengine. Katika timu nyingi za vijana kosa hilo ni lilelile: mchezaji hupokea mpira kabla hajajua nani yuko nyuma yake, kwa hiyo huutuliza akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, akazingirwa, akabutua. Kocha humpigia kelele "Tuliza mpira!", na kijana hutoka hapo akiamini kwamba mguu wake ni mbovu. Mguu haukuwa na kosa. Shingo ndiyo haikugeuka.

Kwa sababu hiyo napendekeza swali la kwanza liwe hili: kabla mpira haujamfikia, mchezaji ameangaza nyuma ya bega lake mara ngapi? Likishaingia, yafuate mengine kwa zamu. Je, anaupokea mpira kwa mguu ulio karibu na mpinzani au ulio mbali naye? Akishatoa pasi, anakwenda wapi? Timu inapopoteza mpira, hatua zake za kwanza zinaelekea upande gani? Kila swali lipewe wiki tatu au nne. Kocha anayebadilisha somo kila Jumamosi huwa na vijana waliosikia mengi na wasioweza lolote.

Hatua ya pili: panga saa, uwanja na mpira

Mazoezi ya jioni Mombasa yana mipaka yake. Wengi wa vijana hutoka shule au madrasa na kuswali Alasiri, na wazazi huwataka nyumbani kabla ya Magharibi. Kipindi kinachoanza saa kumi na robo na kumalizika saa kumi na moja na nusu huingia vizuri katikati, na dakika 75 zinatosha kabisa kwa umri huu ikiwa hakuna anayesimama kwenye foleni akingojea zamu ya kupiga shuti. Mwezi wa Ramadhani punguza kasi na urefu, ufanye kazi za kichwa zaidi ya mbio, na usimwulize mtoto mbele ya wenzake kama amefunga.

Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, joto na unyevu wa hewa havifanyi mzaha. Simamisha mazoezi kila baada ya dakika 15 ili wote wanywe maji, wakiwemo wanaosema hawana kiu. Kijana anayelalamika kichwa kinamuuma au anayeanza kuyumba hupelekwa kivulini na kumwagiwa maji mara moja, na siku hiyo harudi uwanjani.

Wanaofanyia mazoezi ufukweni, kwa mfano Bamburi, wazingatie bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu kwa kawaida hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo siku hizo hakuna pa kuchezea jioni, lakini Jumamosi asubuhi utapata mchanga mpana, mbichi, ulioshindiliwa. Huo mbichi ndio unaofaa kwa pasi. Mchanga mkavu wa juu hujenga misuli ya miguu lakini mpira hauviringiki, na pasi inayofundishwa hapo haina faida uwanjani.

Kuhusu mpira, saizi ya 4 ndiyo ya watoto wa hadi miaka 12, na saizi ya 5, yenye uzito wa gramu 410 hadi 450, ni ya kuanzia miaka 13. Mtoto wa miaka 10 anayepewa mpira wa wakubwa hujifunza kuupiga kwa ncha ya kidole kwa sababu hana nguvu nyingine ya kuufikisha, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kung'oka.

Hatua ya tatu: kipindi chenyewe

Anza kwa kupasha mwili moto. Mpango wa FIFA uitwao 11+ uliundwa kwa ajili ya wachezaji wa kuanzia miaka 14, una sehemu tatu, huchukua takriban dakika 20, na lengo lake ni kupunguza majeraha ya goti, kifundo na paja. Upo pia wa watoto wa miaka 7 hadi 13. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Naona ajabu kwamba timu nyingi bado huanza kwa mizunguko miwili ya kuuzunguka uwanja na kunyoosha misuli ikiwa baridi, wakati kitu bora zaidi kinapatikana bure.

Baada ya hapo ingia kwenye swali la wiki. Tuseme ni lile la kuangaza. Panga wachezaji watatu kwenye mstari, mita 8 kutoka mmoja hadi mwingine. Wa kwanza ana mpira, wa katikati ndiye anayefunzwa, na wa tatu, aliye nyuma yake, ameshika fulana mbili, nyekundu na ya kijani. Mpira ukiwa bado njiani, wa tatu huinua fulana moja. Nyekundu maana yake ni kwamba adui amekaribia, kwa hiyo mpira urudishwe kwa aliyeutoa. Ya kijani maana yake ni kwamba kuna nafasi, kwa hiyo wa katikati ageuke nao. Wa katikati lazima aitaje rangi kwa sauti kabla ya kuugusa mpira. Mwanzoni atataja rangi na mpira utampita, au atautuliza mpira na kusahau rangi. Usimkemee. Mwambie tu aangaze mapema zaidi, wakati mpira unapotoka mguuni mwa mwenzake, kwa kuwa hapo ndipo hakuna kitu kingine cha kutazama. Baada ya siku chache utaona shingo inageuka yenyewe.

Kisha cheza rondo, yaani duara la wanne au watano wakipasiana mpira huku mmoja aliye katikati akijaribu kuunasa, na baadaye wawili. Duara likiwa pana mno hakuna anayefikiri. Likiwa finyu mno mpira hutoka kila mara. Kwa vijana wa miaka 12 anza na mraba wa mita 8 kwa 8, upunguze wakizoea.

Nusu ya pili ya kipindi iwe mechi ndogo, wanne kwa wanne au watano kwa watano, kwenye uwanja mfupi wenye magoli madogo ya koni au viatu. Hapa kila mtoto huugusa mpira mara nyingi kuliko katika mechi ya 11 kwa 11, ambapo winga wa kushoto anaweza kukaa dakika 10 akiwatazama wenzake. Weka sheria moja inayolibeba swali la wiki, kwa mfano kwamba bao lililotokana na mchezaji aliyegeuka na mpira huhesabiwa mara mbili, kisha funga mdomo. Kocha anayeamuru kila pasi huwanyima vijana kile hasa anachotaka wajifunze.

Danadana ni burudani nzuri ya kungojea wenzako, lakini haijawahi kumsaidia mtu kupokea pasi akiwa amebanwa. Usiipe muda wa mazoezi. Mipira ya kichwa nayo usiwafundishe walio wadogo. Mashirikisho ya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini yaliagiza mwaka 2020 kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini, kwa tahadhari ya ubongo, na sioni kwa nini sisi tusifuate.

Hatua ya nne: ukuta

Siku zisizo za mazoezi, dakika 15 mbele ya ukuta humfaa kijana kuliko saa nzima ya kupiga mashuti golini peke yake. Asimame mita 5 kutoka ukutani, apige kwa upande wa ndani wa mguu, aupokee kwa mguu wa pili, na kila mpira ukiwa njiani kurudi aangaze nyuma ya bega. Tafuta ukuta wa shule au wa uwanja, na uombe ruhusa. Ukuta wa chumba cha jirani aliyelala baada ya zamu ya usiku bandarini utazua ugomvi usio na kazi.

Hatua ya tano: kutazama mechi

Hapa ndipo penye faida iliyoachwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza ni saa. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa nne usiku kwa saa zetu wakati Ulaya iko kwenye saa za kiangazi, na saa tano usiku wakati wa baridi yao. Mtoto wa shule asizitazame. Hapati kitu usingizi ukimvuta, na kesho yake huwa mzito darasani na uwanjani. Mechi za Jumamosi za Uingereza, ambazo nyingi huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kwetu kutegemea majira, zinatosha, na marudio ya mchana wa Jumapili ni bora kuliko zote, kwani matokeo yameshajulikana na hakuna anayeshika roho.

Pili ni mahali. Ukumbi wa video una televisheni kubwa na wenzake wa kutazama nao, lakini una kelele, na mara nyingi mikeka ya kamari hutembea humo mkononi hadi mkononi. Sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na zaidi ya sheria, kijana aliyeweka pesa kwenye matokeo hatazami mchezo tena, anatazama pesa yake. Ikiwezekana, wakusanye nyumbani kwa mzazi mmoja, watano au sita, wakae kwenye mkeka mbele ya televisheni.

Tatu ni mchezaji wa kufuatwa. Kila kijana achague mmoja anayecheza nafasi yake, si anayempenda, na kwa dakika 15 za mwanzo asimwachie jicho, mpira uwe kwake au usiwe kwake. Dakika 15 zinatosha. Baada ya hapo astarehe kama watu wengine. Kiungo amtazame Rodri, au Aitana Bonmatí, aliyetajwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, ahesabu anavyogeuza shingo kabla ya kupokea. Beki wa pembeni amtazame Achraf Hakimi na aulize ni lini anapanda na ni lini anabaki. Mshambuliaji amtazame Erling Haaland wakati krosi haijapigwa bado: anaanza kumkimbia beki kutoka upande gani, macho ya beki yakiwa wapi? Kipa atazame jinsi mwenzake wa kwenye televisheni anavyosogea mbele timu yake inapokuwa nusu ya pili ya uwanja, jambo ambalo makipa wetu wachanga hulisahau wakabaki wameganda kwenye mstari.

Zoezi hili huwachosha mwanzoni. Kijana atakwambia, "Kocha, sijaona kitu, mpira haukumfikia." Mjibu kwa utulivu: "Na mpira ulipokuwa upande ule, yeye alisimama wapi, baba?" Akianza kueleza, amekwisha kuona. Mpe karatasi yenye safu mbili tu, alipokuwa na alichofanya, na umtake aandike mambo matatu, si zaidi.

Nne ni kurudia. Kipande kimoja kinachotazamwa mara tano kina mafunzo kuliko mabao 20 yanayopita mbio. Mfano mzuri ni bao la pili la Argentina dhidi ya Ufaransa katika fainali ya Kombe la Dunia tarehe 18 Desemba 2022, lililofungwa na Ángel Di María dakika ya 36. Mara ya kwanza waache wautazame mpira. Mara ya pili wamtazame Lionel Messi peke yake, jinsi anavyoupeleka mpira kwa Julián Álvarez kwa mguso mwepesi, maana alijua alipo kabla haujamfika. Mara ya tatu wamtazame Alexis Mac Allister, ambaye hakusimama kuusifu mwendo wa wenzake bali alikimbia hadi mpira ukamkuta kwenye nafasi. Mara ya nne wamtazame Di María, ambaye kwa muda wote huo hana mpira, yuko upande wa mbali, na anakimbia vilevile. Mara ya tano simamisha picha kabla ya pasi ya mwisho na uulize: mabeki wa Ufaransa wanatazama wapi?

Tano ni kutazama namna ya kuteseka. Vijana hupenda mechi za mabao mengi, lakini waonyeshe pia mechi ya Harambee Stars na Morocco katika CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa Kasarani tarehe 10 Agosti 2025. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, muda mfupi baadaye Kenya ikabaki na wachezaji 10, na bao hilo moja likalindwa kipindi kizima cha pili. Waulize mistari ya mabeki na viungo ilikaribiana kiasi gani, na nani alibaki mbele peke yake na kwa nini.

Sita, na kwangu hili lina uzito kuliko la televisheni, wapeleke uwanjani. Kamera hufuata mpira na kukuficha wachezaji wengine, ilhali Mbaraki, Bandari FC ikicheza nyumbani, kijana huona uwanja mzima kwa mara moja: winga wa mbali anavyoingia ndani, beki wa kati anavyowapanga wenzake kwa mkono na sauti. Kasi ya ligi ya Kenya pia iko karibu zaidi na ile atakayokutana nayo. Timu za mji huu si za kudharauliwa. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965, na Bandari ilibeba Ngao ya FKF mwaka 2019. Kaeni nyuma ya goli kipindi kimoja na ubavuni kipindi cha pili, kwa kuwa nyuma ya goli ndipo nafasi baina ya mabeki huonekana wazi.

Hatua ya sita: kukirudisha uwanjani

Lililoonekana Jumapili lichezwe Jumatatu au Jumanne. Kaa nao dakika tano kabla ya mazoezi, kila mmoja aseme jambo moja kutoka kwenye karatasi yake, kisha uchague moja ulijengee zoezi. Kwa bao la Di María, chukua nusu ya uwanja, washambuliaji wanne dhidi ya mabeki wawili na kipa. Mpira uanzie katikati, pasi mbili za kwanza ziwe za mguso mmoja, na bao lisihesabiwe mpaka mchezaji wa upande wa mbali awe ameingia kwenye eneo la hatari, hata kama si yeye aliyefunga. Sharti hilo la mwisho ndilo zoezi lenyewe. Wengi watasimama wautazame mpira, na utalazimika kulifuta bao zuri mbele ya mfungaji mwenye hasira, lifute.

Usiwatake waige kila kitu. Beki wa miaka 13 anayetaka kutoa pasi ya hatari mbele ya goli lake kwa sababu aliiona Manchester anahitaji kuelezwa kwamba wale wana majani sawasawa na wenzao walio tayari kupokea pande tatu, huku mpira wetu ukidunda kwenye kokoto. Kinachoigwa ni kuangaza na kutafuta nafasi. Pasi yenyewe itafuata hali ya uwanja.

Hatua ya saba: ajitazame

Mara moja kwa mwezi rekodi mechi yao kwa simu, ukiwa umesimama mahali pa juu, kama ngazi au ukuta, katikati ya ubavu wa uwanja, na uishike simu kwa upana bila kuufuata mpira kwa karibu. Waombe wazazi idhini kwanza, na video ibaki kwa timu, isisambazwe. Kisha kila mchezaji ajitazame kwa dakika 10 na kujibu swali lilelile alilowaulizia kina Rodri. Hapa watoto hunyamaza. Yule aliyebisha kwa wiki mbili kwamba huangaza kila mara huona mwenyewe kwamba hajageuza shingo hata mara moja, na hakuna haja ya kumwongezea neno. Onyesha pia mahali alipofanya vizuri, usimwache aondoke na aibu peke yake.

Swali hubadilishwa wakati walio wengi wanalitekeleza katika mechi bila kukumbushwa, si katika zoezi. Kwa wasiofikia hapo, waache waendelee nalo katika rondo huku wenzao wakianza jipya, na kwenye mechi za wikendi wape nafasi sawa ya kucheza, kwa kuwa aliyekaa benchi hana pa kulijaribia.